Shingo Kumi na Mbili na Mashine ya Mahindi

Siku ile Kamau aliponiambia nilete mbao zangu tuzikaushe katika mashine yake ya mahindi, nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kazi nyuma yangu, na nilikuwa na mwalimu aliyenieleza jambo hilo mpaka akachoka. Nikasema, "Sawa, tujaribu."

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kitale na simu zenu, mkinionyesha watu wa ng'ambo wanaochonga shingo ya gitaa kwa mashine ndani ya saa moja, mmeniuliza mara nyingi kwa nini magitaa yangu hayana alama ya fundi. Huwa nawajibu kwamba alama ni majivuno. Huo ni uongo. Sasa nimeweka randa chini, vidole vimekuwa vigumu, na sioni sababu ya kuendelea kuwadanganya. Nitawaandikia ilivyokuwa, na njiani nitawatupia maarifa mawili matatu ya kazi, ili hata asiyependa habari za wazee apate faida.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama zisizonifikisha popote. Mjomba wangu akanipeleka Myanga kwa fundi mmoja, Mzee Khaemba, aliyekuwa akitengeneza magitaa ya boksi, yasiyo ya umeme, na viti vya kanisa. Viti ndivyo vilivyomlisha. Magitaa ndiyo yaliyomfanya aamke mapema. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na mkewe Mama Nasimiyu alikuwa mrefu kumshinda na mwenye sauti ya kumshinda pia. Mimi nilimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, yeye aliniita Wanjala akiwa radhi nami, na "msomi" nilipoharibu kitu. Mwaka wa kwanza nilikuwa msomi karibu kila siku.

Shingo yangu ya kwanza niliichonga kwa wiki mbili. Nilitaka iwe nyembamba, kama ile niliyoiona kwenye gitaa la duka mjini Bungoma, basi nikaendelea kukwangua na kukwangua. Mwalimu aliishika, akaikunja kidogo kwa vidole viwili, ikakubali kukunjika. Alikwenda nayo mpaka mlango wa jiko, akaita, "Mama Nasimiyu, msomi amekuletea mwiko." Mama akaupokea, akaupima kwa mkono, akasema ni mzuri ila mpini wake ni mrefu. Akaukata. Kuanzia siku hiyo, mchana baada ya mchana, nilikula ugali uliosongwa kwa shingo yangu mwenyewe, na mgeni akisifu ugali, Mama alikuwa akimwambia aliyechonga mwiko ndiye yule pale.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hilo. Ukichonga shingo, mti unaoutoa haurudi. Acha unene wa punje ya mchele zaidi ya unavyotaka, uende ukanywe chai, urudi.

Mwalimu hakuwa na vifaa vingi. Msumeno, patasi tatu, randa moja ya chuma na moja ya mti, tupa, na kisu chenye mipini miwili ambacho unakivuta kuelekea kifuani. Kisu hicho ndicho kinachoizungusha shingo. Kwanza unapiga mstari wa katikati kwa penseli, mbele na nyuma, na huo mstari usiufute mpaka siku ya mwisho, kwa sababu ukiupoteza umepotea. Unakata mgongo wa shingo pembe kwa pembe, sio mviringo. Unaondoa kona, kisha unaondoa kona za zile kona, na mviringo unajitokeza wenyewe. Ukianza kutafuta mviringo moja kwa moja utapata yai. Mwishoni unachukua kipande cha chupa iliyovunjika, unakwangua polepole, na msasa unakuja baadaye kabisa. Kioo husafisha mti bila kuujaza vumbi. Siku hizi msasa wa karatasi uko kila duka, lakini bado mimi huokota chupa.

Nyuzi zetu za zamani zilitoka kwenye waya wa breki za baiskeli. Vile vyuma vyembamba vya kuvuka shingo, fureti, tulivikata kutoka kwenye spoki. Gundi ilichemshwa kutokana na kwato, na mbwa wa jirani aliipenda kuliko sisi tulivyoipenda. Siku moja alikula kopo zima na meno yake yakashikana tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Mama Nasimiyu alisema huo ndio ulikuwa mchana wa kwanza wa amani kwa mwaka mzima. Baadaye ikaja gundi nyeupe ya dukani, fureti za kununua kutoka Nairobi, na chuma cha kupitishwa ndani ya shingo ili uweze kuinyoosha kwa ufunguo. Vitu vizuri hivyo, msidhani nawacheka. Lakini sisi hatukuwa na chuma cha ndani. Shingo yetu ilisimama kwa nguvu za mti peke yake, na nyuzi zinaivuta usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani na mwenyewe amekwenda kulima.

Kwa hiyo kazi ya shingo ilianza miaka miwili kabla ya kisu kuguswa.

Jiko la Mama Nasimiyu lilikuwa nyumba ya peke yake, na juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito. Hapo yalining'inia mahindi ya mbegu, na kando ya mahindi Mwalimu alipanga vipande vya mvule vilivyokwisha kukatwa kwa urefu wa shingo. Moshi ulivipitia polepole, joto la uji asubuhi, joto la maharagwe jioni, na kati ya hapo baridi. Kila kipande kiliandikwa mwezi kilipopanda darini. Kabla ya miaka miwili hakikushuka, hata aje nani.

Niliwahi kumuuliza kwa nini tusiwashe moto mkubwa tukamaliza kwa wiki. Akanijibu kwa swali. Aliniuliza kama baba yangu hukausha mahindi ya mbegu kwa moto mkubwa. Nikasema hapana, yakipata moto hayaoti.

"Na ya kusaga?"

"Hayo hata ukiyachoma kidogo ni sawa."

"Basi," akasema. "Hii shingo nataka iote."

Alikuwa na njia zake za kujua mti umekauka. Aliuweka shavuni: mti mbichi ni baridi, mti mkavu una uvuguvugu kama wa mtu. Aliupiga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Na alipoanza kuuranda alitazama maranda: ya mti mkavu hujikunja na kuvunjika, ya mti mbichi hunata kwenye kidole gumba. Njia hizo tatu alinifundisha mwaka wa kwanza. Kumbukeni hilo, kwa sababu sitaweza kusema baadaye kwamba sikujua.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa kupima mkono. Mteja akija, Mwalimu alimsalimia kwa kumshika mkono, halafu hakuuachilia. Aliendelea kuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, na huku kidole chake kinapita kwenye kiganja cha mtu na kati ya vidole. Watu walidhani ni upendo. Alikuwa anapima. Mkono wa jembe unataka shingo yenye mgongo mpana, mtu apate pa kukaa. Mkono wa karani unataka shingo inayopungua karibu na kichwa. Na hapa kwetu wapigaji wengi hutumia kidole gumba na cha shahada tu, gumba likipiga besi, kwa hiyo mkono wa kushoto nao huwa na mtindo wake wa kukumbatia. Siku moja alikuja chifu mgeni, kutoka mbali, kuuliza habari ya vibali. Mwalimu akamshika mkono kwa dakika nzima. Yule chifu akaanza kutokwa jasho, akanitazama mimi, akatazama mlango. Alipoondoka nilimkumbusha Mwalimu kwamba mtu yule hakuja kununua gitaa. "Najua," akasema, "lakini ana mkono mzuri. Atarudi." Akarudi baada ya miezi mitatu, akaagiza.

Nilikaa Myanga miaka tisa. Siku niliyomwambia nataka kufungua karakana yangu Kitale hakununa. Alinipa patasi moja, na akanipa msumari.

Msumari ule ndio alama. Kila shingo iliyotoka kwa Mzee Khaemba ilikuwa na nukta tatu nyuma ya kichwa, zilizochomwa kwa msumari uliopashwa moto. Watu wa Bungoma walizijua. Mtu hakuuliza jina la fundi, aligeuza gitaa akahesabu nukta. Mwalimu aliniambia nami nichome nukta zake, kwa kuwa mkono wangu umetoka mkononi mwake, mpaka nitakapochoka nitafute alama yangu. Sharti lilikuwa moja: shingo nitakayoionea haya, nisiichome.

Kitale palinipokea vizuri. Nilipata chumba kwenye barabara ya kwenda Saboti, na ndani ya miaka mitano nilikuwa nimejulikana. Jirani yangu alikuwa Kamau, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka katikati ya nchi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mbele, na nyuma ghala na mashine ya kukaushia mahindi. Mtu mcheshi, mwaminifu, wa kukukopesha misumari kabla hujaomba. Ninasema hivyo mapema ili mtu asije akamtia Kamau makosani. Yeye alijua mahindi. Aliyejua mbao nilikuwa mimi.

Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, kanisa moja lenye matawi mengi liliagiza kwangu magitaa kumi na mawili kwa ajili ya kwaya zake, za Saboti, za Suam na kwingineko. Waliyataka kabla ya Krismasi. Hakuna fundi wa upande wetu aliyekuwa amewahi kupewa kazi kama hiyo kwa mara moja. Matumbo ya magitaa yasingenishinda, nilikuwa na mbao za saipras za kutosha. Shingo ndizo zilizonisumbua. Darini kwangu nilikuwa na vipande vinne vilivyokauka. Vinane vilivyobaki vingetoka kwenye mvule niliokuwa nimeupasua miezi mitano tu kabla.

Ningeweza kufanya mambo matatu. Kuwaambia watu wa kanisa wangoje. Kwenda Myanga kumwomba Mwalimu mti wake. Au kuchukua magitaa manne na kuwaacha watafute manane kwingine. Yote matatu yalihitaji nifungue mdomo niseme sina, na wakati huo kila mtu barabarani alikuwa akiniita Fundi Mkubwa. Ni jina tamu. Likikuingia masikioni linaziba mengine.

Kamau alinikuta nimekaa juu ya rundo la mbao asubuhi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, si ulete kwangu bana. Hapa mahindi inaingia asubuhi ikiwa na maji, jioni inatoka inalia kama changarawe. Sasa ati kipande ya mti ndio itashinda hii mashine?"

Nikamwambia mti si mahindi.

"Maji ni maji," akasema. "Iwe kwa mahindi, iwe kwa mti, hata kwa nguo ya mtoto. Ikitoka imetoka."

Hapo ndipo niliposema sawa, tujaribu.

Tuliweka vipande vyote vinane kwenye kapu la waya, vikakaa siku mbili katika upepo wa moto. Harufu ya mvule ilichanganyika na ya mahindi, na wafanyakazi wa Kamau walikuwa wakija kuuliza kama mbao zimeiva, kama walete chumvi. Tulicheka sana siku zile. Vilipotoka nilichukua kimoja nikakiweka shavuni. Kilikuwa na uvuguvugu. Kwa nini kisiwe nao, kilikuwa kimetoka kwenye moto dakika ile ile. Nilijua hivyo na nikajiambia kwamba kimefaulu.

Shingo mbili za kwanza nilizichonga za mbao zangu nzuri, na hazikuwa na neno. Ya tatu, nikiwa nimeweka akiba vipande viwili vizuri, ilikuwa ya mashine. Ngozi ya juu ilirandika vizuri, maranda yakavunjika kama inavyotakiwa. Nilipofika ndani, unene wa kidole hivi, randa ikabadilisha sauti. Nikaokota kipande kimoja cha maranda. Kikanata kwenye gumba langu. Nikakitikisa, hakikuanguka.

Nieleweni vizuri hapa, kwa maana kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Moto wa haraka hukausha ganda la mti, na ganda likikaza, maji ya ndani hukosa njia. Mti unabaki kama mkate ulioungua nje. Sikuwa nimesoma hilo popote, lakini lilikuwa limenata kwenye kidole changu. Bado wiki tano zilikuwa zimebaki. Ningeweza kupanda gari kesho yake. Nilikifuta kile kipande kwenye suruali nikaendelea kuchonga, na ya tatu ilipokwisha nikachukua ya nne.

Magitaa yalikuwa mazuri. Siku ya kuyakabidhi yalipangwa kumi na mawili ukutani na hakuna mtu aliyeyapita bila kusimama. Nilichoma nukta tatu kwenye kila moja. Zile shingo za mashine, nikizichoma, zilitoa sauti kidogo, kama nyama inapogusa sufuria ya moto. Hata hiyo niliisikia.

Krismasi ikapita, na Januari, na kiangazi chote. Mvua za Aprili zilipokuja, shingo zikaanza kujisokota. Mti uliokuwa umefungiwa maji ndani ukaongezewa unyevu wa nje, na nyuzi zinavuta. Mwalimu wa kwaya wa Suam, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, aligundua kwanza kwamba sauti ya gitaa haiingii katika wimbo. Kisha akaona nyuzi zimeinuka kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Akageuza gitaa. Akahesabu nukta tatu. Akauliza watu ni za nani, na watu wakamwambia, hizo ni za mzee wa Myanga.

Hakuja kwangu Kitale, ingawa ni karibu zaidi. Alikwenda kule alama ilikompeleka.

Niliyasikia haya kutoka kwa mfanyabiashara wa vitunguu ambaye alikuwa akipita Myanga siku za soko. Alinieleza kama kichekesho: ati mzee Khaemba ameharibikiwa uzeeni, magitaa yake yanajipinda kama miguu ya kuku. Aliniambia pia kwamba mzee aliyapokea, akayaangalia, akamwambia yule mama kwamba ni yake na atayatengeneza, na ayalete yote yenye ugonjwa huo. Hakutaja mtu mwingine.

Nilikaa na habari hiyo siku tisa. Niliendelea kufanya kazi. Nilitengeneza hata meza. Siku ya kumi nikaenda.

Nilimkuta kwenye benchi lake, kofia ya sufu kichwani, na nyuma yake magitaa manane hayana shingo, yameegemea ukuta. Dari ya jiko ilikuwa tupu. Alikuwa ameshusha mti wake wote, ule wa miaka miwili na ule wa miaka kumi aliokuwa akiuwekea sijui nini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mama Nasimiyu alikuwa amesimama kando, ameshika shingo mbele ya uso wake kama mtu anayelenga bunduki, amefumba jicho moja. Akasema, "Kushoto kidogo. Hapo kati pamevimba." Yeye ndiye aliyekuwa macho yake.

"Karibu, Wanjala," Mwalimu akasema. "Keti."

Sikuketi. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi ni zangu."

"Zina alama ya nani?"

"Yako."

"Basi ni zangu." Akapuliza vumbi kwenye kisu. "Ulizikaushia wapi?"

Nikamwambia. Mama Nasimiyu alishusha ile shingo kutoka usoni akanitazama. Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika, nikaona anacheka.

"Mashine ya mahindi," akasema. "Ungeniita nije niione. Mimi sijawahi kuona hiyo mashine."

Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua kwenye shingo ya tatu.

"Na ya nne ukaichonga."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ya tano."

"Ndiyo."

Hakufika ya sita. Nilimwomba aniachie nikae, nichonge mimi, yeye apumzike. Akakataa. Alisema mti ule si wangu, na mtu asiyejua mti umelala wapi miaka miwili asiuamshe. Nikatoa msumari mfukoni nikauweka kwenye benchi. Hakuugusa, wala hakunirudishia.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo. "Nenda kwako. Pasua mvule, uweke darini. Ukikauka, uje nao hapa tuchonge pamoja. Kuna namna ya kuunganisha kisigino cha shingo ambayo sijakufundisha. Nilikuwa nangoja mkono wako utulie."

Kisigino ni pale shingo inapoingia kwenye tumbo la gitaa. Sisi wote tunaunganisha kwa ulimi wa mti unaoingia tunduni, na gundi, na baada ya miaka huachia. Vyake havikuwa vikiachia. Sikuwahi kuona alivyofanya, kwa sababu hatua hiyo alikuwa akiifanya peke yake, akiwa ametutuma sisi wanafunzi dukani. Tulikuwa tukidhani ni uchoyo.

Nilirudi Kitale nikapasua mvule wiki hiyo hiyo. Nikaupandisha darini jikoni kwa mke wangu, nikaandika mwezi. Kamau alipopata habari ya yaliyotokea alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Fundi, nisamehe bana, mimi nilidhani ni kusaidia." Nikamwambia hana la kusamehewa. Ni kweli hana.

Miaka miwili ikaisha. Niliushusha mti, nikauweka shavuni, nikaugonga. Ulikuwa tayari. Nikasema nimalize palizi kwanza. Baada ya palizi nikasema mtoto aingie shule. Kisha nikasema, ukikaa mwaka mmoja zaidi utakuwa mzuri zaidi, atafurahi. Nikaurudisha darini. Mwalimu alinitumia salamu kupitia yule yule wa vitunguu: mwambie Wanjala mti wake umekauka, mimi nimehesabu. Nikajibu kwamba bado una unyevu. Mara ya pili akatuma tena, nikajibu hivyo hivyo. Mwaka wa nne hakutuma.

Msidhani nilikuwa namwogopa. Angenipa chai. Nilichoshindwa ni kuingia ua ule na kumkuta Mama Nasimiyu bado ameshika shingo mbele ya uso wake. Kila nilipoamua kwenda, niliona vile alivyoishusha akanitazama, na nikapata shughuli nyingine. Aibu ya kosa ilikuwa ndogo. Aibu ya kuchelewa ilikuwa inakua kila mwezi, na kila mwezi safari ikawa ngumu zaidi kuliko mwezi uliotangulia. Kama kuna kijana anayesoma hapa na ana mahali anapopaswa kwenda, asifanye kama mimi.

Mwalimu alikufa mwaka wa sita. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma kabisa pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya hotuba za viongozi. Kwaya ya Suam iliimba, na magitaa yao yalikuwa na shingo alizochonga yeye, zimenyooka. Baada ya ibada Mama Nasimiyu alinikuta kwenye foleni ya kunawa mikono. Alinisalimia kwa jina, akaniuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, mmoja mmoja. Kisha akauliza mti wangu ulikauka lini.

"Miaka minne iliyopita, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuangalia kama chakula kinawatosha wageni.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Mwaka baada ya mwaka nilichonga shingo za haki, za mti uliokaa darini, na nilizitoa bila nukta. Wateja walirudi. Kanisa lile lenyewe liliniagiza tena. Mimi na Kamau bado tunasalimiana. Uamuzi wa kukubali mashine yake haukunifukarisha wala haukuniharibia jina, maana jina lililoharibika lilikuwa la mzee mwingine, na alilitengeneza mwenyewe kwa macho ya mkewe.

Ulichonichukulia ni miaka sita ya mwalimu wangu akiwa hai, safari ya asubuhi moja kutoka kwangu, ananingoja. Sikumwona tena. Namna yake ya kuunganisha kisigino sikujifunza, na hakuna mwingine aliyeijua. Magitaa yote niliyotengeneza tangu siku ile huachia pale pale, baada ya miaka kumi hivi, na mwenye gitaa akiniletea, sina la kumfanyia ila kulipaka gundi upya.